Ujamaa, shetani, Lilanga au binadamu: tuchague kinyago kipi?

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilipomaliza kupiga lipu jengo lake kule Mbagala, zilibaki fedha kidogo za kununua kitu kimoja cha kupamba. Wengine walitaka saa kubwa ya ukutani. Mwenyekiti akasema kinyago, tena kinyago kinachoeleza sisi ni watu gani, na kazi ya kukitafuta nikapewa mimi kwa kuwa ndimi ninayeonekana mara kwa mara Mwenge, kwenye soko la vinyago la Dar es Salaam. Nilidhani Jumamosi moja ingetosha. Ilichukua miezi mitatu, na katika miezi hiyo tulibishana kuhusu vinyago kuliko tulivyowahi kubishana kuhusu riba.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliye njia panda kama tulivyokuwa sisi. Anataka kinyago chenye watu, kinachosema jambo kuhusu maisha ya sasa, na amefika Mwenge, safu kwa safu za vinyago zinamtazama, hajui aanzie wapi. Twiga, vifaru na bakuli za saladi siwagusi hapa. Hizo ni safari nyingine.

Swali lililonisaidia kuliko yote nilipewa na mzee mmoja mchongaji, anayekaa chini ya turubai nyuma ya maduka, miguu kainyoosha, gogo kalibana katikati. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamwambia natafuta ujamaa mzuri. Akapiga patasi mara tatu nne, ndipo akasema: "Mwalimu, usiangalie weusi. Angalia nani kambeba nani. Halafu angalia kama aliyebeba anaumia."

Tangu siku hiyo kila kinyago nakipima kwa maneno hayo.

Ujamaa

Hiki ndicho kinyago ambacho wengi wetu tumekiona ofisini kwa mkuu wa wilaya, benki, hotelini: nguzo ya mpingo iliyojaa watu, mmoja juu ya bega la mwenzake, mikono imeshikana, miguu imekanyaga vichwa, na katikati mwanga unapita kama kwenye wavu. Wengine hukiita mti wa uhai. Kimechongwa kutoka gogo moja, na huo ndio ufundi wake: mchongaji hawezi kuongeza mtu, anaweza kumwondoa tu.

Watu wengi hudhani kilizaliwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Jina lilitoka kwenye siasa za Mwalimu Nyerere, lakini umbo ni la zamani kidogo. Anayetajwa kulianzisha ni Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde aliyevuka kutoka Msumbiji kuja Tanganyika miaka ya 1950 ikielekea ukingoni. Kinyago chake kiliitwa dimoongo, yaani nguvu, na kilimwonyesha bingwa wa mieleka akiwa amebebwa juu juu na wenzake. Baadaye bingwa akageuka mama mzazi, au mzee wa ukoo, au mtu yeyote tu, na wale waliombeba wakawa jamii nzima.

Nikishajua hilo siwezi tena kukitazama ujamaa kwa jicho la zamani. Hata kile kinachouzwa kama picha ya usawa kina mtu wa juu kabisa na mtu wa chini kabisa. Mchongaji hodari analijua hilo na analifanyia kazi. Utaona aliye chini kakunja uti wa mgongo, vidole vya miguu vimeng'ang'ania ardhi, shingo imeingia mabegani. Utaona mwanamke wa katikati kabeba mtoto mgongoni na bado mkono wake mmoja unamsukuma juu mwanamume ambaye hana habari naye. Hiyo ni jamii yetu. Tuliokulia kwenye nyumba ambayo dada mmoja mwenye kazi mjini analisha watu kumi na wawili tunaijua hata bila maelezo.

Mchongaji wa kurudia humweka kila mtu sura ileile, tabasamu lilelile, mikono iliyonyooka kama ya wanajeshi wa gwaride. Hakuna anayebeba uzito. Watu wameganda kwenye nguzo kama kupe. Vinyago vya namna hiyo ndivyo vingi zaidi sokoni, vinang'aa sana, na kwa mtu mwenye haraka vinaonekana sawasawa na vile vingine. Simlaumu anayevichonga, wateja wa miaka yote wametaka "kile kama cha jana" na mtu lazima apeleke unga nyumbani. Lakini kama unatoa fedha zako kwa ajili ya kitu kitakachokusemesha miaka thelathini, simama. Zunguka kinyago chote. Tazama mgongoni, ambako mchongaji mvivu huacha watu nusunusu.

Ujamaa unafaa sehemu ya watu wengi: ofisi ya ushirika, maktaba, sebule ya familia kubwa. Unaeleweka haraka, hauhitaji mtu wa kuueleza, na hata mtoto atakaa chini aanze kuhesabu vichwa.

Shetani

Hapa ndipo kikundi chetu kiligawanyika.

Husimuliwa kwamba Samaki Likankoa, naye Mmakonde wa kutoka Msumbiji, alikuwa na kinyago cha mtu wa kawaida kilichovunjika mkono. Badala ya kukitupa alikigeuza: akakipinda, akakitoa katika umbo la mwanadamu, kikawa kiumbe cha porini, cha kwenye hadithi za wazee. Ilikuwa kwenye mwaka 1959 hivi. Mfanyabiashara wa vinyago wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, alikipenda na akamtia moyo aendelee. Wachongaji wengine wakaona mlango umefunguka. Kabla ya hapo mteja, hasa Mzungu, alitaka mama anayetwanga, mzee mwenye kiko, mtu aliyebeba mzigo. Sasa mchongaji aliweza kuchonga kitu ambacho yeye mwenyewe alikiota.

Shetani wa mpingo ana jicho moja, au mdomo unaoanzia kwenye sikio, au mguu unaomea kifuani na kurudi kuwa mkono. Anameza, anamezwa, anamnyonyesha kiumbe asiyefanana naye. Usimsome kwa haraka kama mzimu wa kutishia watoto. Kinyago cha shetani kina ruhusa ya kusema yale ambayo kinyago cha mtu hakiwezi kusema kwa adabu: uroho, tamaa, ugonjwa usiotajwa jina, bosi anayekula jasho la wenzake. Mchongaji hakuchonga bosi. Amechonga tumbo lenye meno. Wewe ndiye utakayemfahamu mwenye tumbo.

Katika kundi hili ningependa kila mtu aone kazi za John Fundi, aliyefariki mwaka 1991. Mwaka 1989 vinyago vyake vilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa yaliyokusanya wasanii wa mabara yote, vikasimama sawa na kazi za watu mashuhuri wa Ulaya na Marekani. Viungo vya mwili vinapita ndani kwa ndani kiasi kwamba unashindwa kusema kiumbe kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

Kasoro zake pia ni za wazi. Kwanza, shetani ni rahisi kughushi. Kosa la mkono katika kinyago cha mtu huonekana, ila katika shetani muuzaji atakuambia "ndivyo alivyo". Kwa hiyo dai ubora uleule: macho yawe yanatazama mahali, kilichopindwa kiwe kimepindwa kwa sababu, uzito utue sehemu fulani. Pili, si kila nyumba itampokea. Mama mmoja katika kikundi chetu alisema wazi kwamba dini yake haimruhusu kuweka sura ya kiumbe pale anapoomba, na kama ni shetani ndiyo kabisa. Mwingine, wa kanisa la kilokole, alikubaliana naye neno kwa neno. Watu hawa wana haki. Kinyago kinachonunuliwa kwa fedha za wote hakiwezi kumfanya mwenzio apite mlangoni kageuza uso.

Ndipo mtu akapendekeza mawingu, ule mtindo usio na sura, wenye mikunjo na matundu kama moshi uliosimama. Ni mzuri kwa macho, na kwa nyumba isiyotaka sura za viumbe ndio jibu lenyewe. Kwetu haukufaa kwa sababu moja tu: tulitaka watu ndani yake.

Ukiniuliza mimi binafsi, kati ya ujamaa mzuri na shetani mzuri, nyumbani kwangu ningeweka shetani. Ninaye mmoja, urefu wa mkono mmoja, kiumbe kilichoinama kinajinyonya goti. Nilimnunua mwaka nilioacha kazi niliyokuwa nikiichukia, na sijawahi kumchoka. Kwa mali ya watu wote jibu langu ni lingine.

Njia ya Lilanga

George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 Kikwetu, Masasi, akafariki Dar es Salaam mwaka 2005. Alijifunza kuchonga kama Mmakonde yeyote, akaja mjini miaka ya 1970, akaajiriwa kuwa mlinzi Nyumba ya Sanaa. Kipaji chake kikaonekana, na mwaka 1978 kazi zake zikavuka bahari kwenda kuonyeshwa Washington. Alichokifanya ni kumtoa shetani porini na kumleta Kariakoo. Viumbe vyake vina masikio makubwa, vidole viwili vitatu, matumbo ya mviringo, lakini wako kwenye shughuli zetu hizihizi: wanagombana, wanacheza ngoma, wanasengenyana, wamesimama kwenye foleni ya hospitali. Alichora na alichonga, na katika kuchonga hakung'ang'ania mpingo. Alitumia mti laini, akaupaka rangi za mafuta: bluu, nyekundu, njano, kijani kama cha mlango wa duka.

Kwa anayetaka kinyago kinachosema kuhusu maisha ya mjini, hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na tunavyoishi. Hakuna anayeonekana kama mtu wa kale. Kicheko kimo, na chini ya kicheko kuna uchungu kidogo. Wanafunzi wake, pamoja na mjukuu wake Hendrick Lilanga, waliendeleza mtindo huo, na sokoni leo utapata kazi nyingi zenye sura hiyo.

Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Nyingi ni nakala za nakala. Rangi inaficha mengi: kisu kilichoteleza, mti mbichi, kiungo kilichogundishwa. Igeuze kazi chini, tazama mahali rangi haikufika. Kama mti umechongwa vizuri hata pale pasipoonekana, una fundi mbele yako. Na kama muuzaji anasema ni mkono wa Lilanga mwenyewe, mwambie alete karatasi za kuonyesha imetoka kwa nani mpaka kumfikia yeye. Maneno matupu hayatoshi kwa jina kubwa hivyo.

Mti laini hubebeka, hausumbui safarini, ila wadudu wanaupenda. Mwaka wa pili ukiona unga mwembamba chini ya kinyago, ujue mna wapangaji.

Binadamu

Kundi la nne ndilo kongwe na ndilo linalodharauliwa zaidi: kinyago cha mtu mmoja, anafanya kazi yake. Zamani ni mwanamke mwenye ndonya mdomoni na chale usoni. Kisha akaja mzee anayevuta tumbaku. Baadaye, kwa bahati mbaya, likaja jeshi la Wamasai wembamba wenye mikuki, wanaochongwa na watu wasio Wamasai kwa ajili ya watu wasiowajua Wamasai.

Lakini vijana kadhaa wameanza kuchonga wale wanaowaona: mama lishe ameinama juu ya sufuria, kondakta kaning'inia mlangoni, nesi amekaa usingizi umemshika. Nilimwona mmoja, mwendesha bodaboda bila pikipiki. Mchongaji alimwacha amekaa hewani, magoti wazi, mikono imeshika usukani usiokuwepo. Kilikuwa kidogo, kingeenea kwenye mfuko wa koti. Nilikirudia mara mbili. Mara ya tatu kilikuwa kimeshanunuliwa.

Kinyago cha namna hii hakina pa kujificha. Hakuna wingi wa watu kama wa ujamaa, hakuna maajabu ya shetani, hakuna rangi. Kama mgongo wa mama lishe si mgongo wa mtu aliyeamka saa kumi usiku, basi huna kitu. Ndiyo maana vizuri ni vichache. Ukikipata kizuri, ninakusihi usiondoke kwenda "kufikiria kwanza".

Kwa walioko Kenya mambo ni tofauti kidogo. Uchongaji wa biashara wa Wakamba hufuatishwa hadi kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa wachongaji wa upande wetu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ushirika wa wachongaji wa Changamwe, Mombasa, ulianza mwaka 1963. Huko wanyama ndio wengi na kazi imegawanywa: huyu anatoa umbo, yule anapiga msasa, mwingine anapaka rangi. Ukitaka kazi yenye wazo la mtu mmoja, pita vibanda vya barabarani uende kwenye karakana, uulize ni nani huchonga anachokitaka mwenyewe jioni akimaliza oda.

Na ukifika Kampala, hata kama hununui kitu, ingia maktaba kuu ya Makerere uitazame sanamu ya Francis Nnaggenda ya mhanga wa vita. Imechongwa kutoka shina kubwa la mti, ni mwili uliojeruhiwa ambao bado umesimama, na imetoka katika nchi iliyokuwa inazika watu wake. Haiuzwi. Lakini ukishaiona, utajua mti unaweza kubeba uzito gani, na kinyago cha kupendeza tu kitaanza kukupungukia.

Kuhusu mti wenyewe

Nimeliweka nyuma makusudi, kwa sababu wanunuzi wengi huanzia hapa na kuishia hapa.

Mpingo hukua polepole mno; mti wa kufaa kukatwa huwa na umri wa miaka 70 hadi 100. Kiini chake ni cheusi au cha zambarau iliyokolea, na ni kizito kiasi kwamba ukikitupa majini kinazama. Kinachouzunguka ni ubao wa rangi ya maziwa. Zumari na ala nyingine za kupuliza za Ulaya hutengenezwa kwa mpingo huuhuu wa kwetu na wa Msumbiji. Kwa hiyo mchongaji wa Mwenge anashindania gogo moja na kiwanda kilicho ng'ambo, na bei ya gogo anaijua yeye.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kinyago kwenye duka moja la wageni mjini, cheusi tii, bei ya juu. Nikakiweka dirishani. Baada ya wiki mbili mtoto wangu alikuja na viganja vyeusi. Ilikuwa kiwi ya viatu, na chini yake mti mweupe mwepesi ambao hata jina lake sikulijua. Uchungu wangu haukuwa mti. Mti mweupe una heshima yake ukisemwa kuwa ni mweupe. Uchungu ulikuwa kwamba mchongaji alikuwa mzuri, na mtu fulani baina yake na mimi alikuwa ameifunika kazi yake.

Tangu hapo nafanya hivi. Nakishika: mpingo ni wa baridi mkononi na unavuta mkono chini. Nakigeuza nitazame kitako, kwa kuwa hapo mara nyingi pamebaki alama ya ule ubao wa maziwa. Natoa kitambaa cheupe chenye mafuta ya taa kidogo nasugua sehemu iliyojificha. Kikitoka cheusi kama soli, naondoka. Kisha nafuata mistari ya mti kutoka begani hadi mkononi. Ikikatika ghafla, mkono umegundishwa. Ufa uliojazwa vumbi la mpingo na gundi si dhambi, wachongaji wote hufanya, mradi uambiwe.

Ukikifikisha nyumbani kiweke mbali na jua na mbali na mdomo wa kiyoyozi. Mpingo ukikaushwa kwa ghafla hupasuka, wakati mwingine kwa kishindo cha usiku kinachowaamsha watu. Nta kidogo mara moja moja inatosha.

Kama unampelekea ndugu Muscat, Hamburg au Minneapolis, jua kwamba miti yote ya jamii ya mpingo iliingia kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tarehe 2 Januari 2017. Tangu mwishoni mwa 2019 bidhaa zilizokamilika, zisizozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja, hazihitaji kibali cha mkataba. Ujamaa wa urefu wa mtoto utazidi kilo hizo kwa urahisi, kwa hiyo zungumza na TFS, wakala wa misitu wa serikali, kabla hujakifunga kwenye boksi. Kwa mzigo wa ndege, shetani mdogo au binadamu mmoja ndio chaguo la busara.

Uliza pia gogo limetoka wapi. Kuna vijiji vya Kilwa, Kikole kikiwa mojawapo, ambavyo tangu 2009 vinauza mpingo wenye cheti cha msitu unaotunzwa vizuri, na fedha zinabaki kijijini. Si kila mchongaji anaweza kukujibu. Anayejibu, mheshimu kwa bei yake.

Tulichochagua

Mezani vilibaki vinne. Ujamaa mkubwa wenye watu zaidi ya ishirini, unang'aa kama gari jipya, ambao mwenyekiti aliupenda. Shetani mwenye midomo miwili, ambaye mimi niliomba nisipigie kura kwa sababu ningempigia yeye. Kazi ya rangi, watu watano wenye masikio makubwa kwenye foleni, ambayo vijana wote waliinyooshea mikono. Na ujamaa mdogo wa yule mzee wa chini ya turubai, watu tisa tu, usiozidi kimo cha ndoo mbili.

Wengi walipoutazama huo wa mwisho waliona ni mdogo na haukung'arishwa vya kutosha. Nikawaomba wauzunguke. Chini kabisa kuna bibi, kachuchumaa, viwiko juu ya magoti, na uzito wote unamshukia kwenye shingo; mchongaji ameuacha mshipa wa shingo umesimama. Juu yake wanawake wawili wanashikana mikono ila hawatazamani. Halafu kijana, mguu mmoja kwenye bega la bibi na mwingine hewani, anapanda. Mkononi ana kitu cheupe. Mzee alikuwa ameliacha lile ganda la rangi ya maziwa mahali pale tu, akalichonga jembamba, likavimba chini na kubana juu kwenye vidole, na masikio mawili yaliyofungwa fundo. Rambo. Mfuko wa plastiki umejaa, labda unga na sukari, kijana anarudi nao nyumbani, au anaondoka nao.

"Aliyebeba anaumia," alisema mhazini wetu, ambaye sikuwahi kumsimulia maneno ya mzee.

Bei ilikuwa chini ya nusu ya ule mkubwa. Tulimlipa alichotaja, hatukupunguza hata shilingi. Tulimuuliza bibi wa chini ni nani, akasema anafanana na wengi.

Kwa ajili ya wale wawili wasiotaka sura za viumbe mahali pa dua, kinyago tumekiweka ofisini, juu ya kabati la vitabu vya hesabu, na ukumbi umebaki na saa yake ya ukutani. Siku za marejesho akina mama huja na watoto. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na juzi mjukuu wa mhazini, mwenye miaka mitano, alisimama juu ya kiti, akakisogelea kinyago mpaka pua ikakaribia kukigusa, akauliza yule kaka ameshika nini.